Chumvi ya Mikono Mitatu

Swali la kumi na nne lilisema: "Ninaona fahari kujulikana kama mjasiriamali." Chini yake kulikuwa na viduara vitano, kuanzia nakubali kabisa mpaka sikubali kabisa, nasi wasichana wote wa mwaka wa tatu tukainamisha vichwa tukajibu kwa adabu. Mhadhiri wetu wa somo la ujasiriamali, mama mwembamba mwenye sauti ya kuamsha waliolala nyuma, alitaka kujua mtazamo wa mabinti wa chuo kuhusu kujiajiri. Nilijaza nakubali kabisa. Mwenzangu wa chumba, aliyekaa kushoto kwangu, alijaza nakubali kabisa. Nikamchungulia wa mbele yangu: nakubali kabisa. Mhadhiri alikusanya madodoso yake uso ukimng'aa, nami nikamwonea huruma, maana alikuwa amekumbatia rundo la uongo.

Ukweli tulikuwa tunausema uani. Mimi na mwenzangu tulipanga chumba mtaani, kwenye nyumba ya vyumba sita, vyote vya wasichana wa chuo, yenye bomba moja mbele na mawe makubwa nyuma ambayo ukiyapanda unaliona ziwa. Jioni tulikaa chini tukisukana nywele, na huko ndiko dodoso la kweli lilikojazwa. Mjasiriamali, kwa kamusi ya ua ule, alikuwa mtu aliyekosa kazi. Ukiambiwa fulani aliyehitimu mwaka juzi "sasa hivi ni mjasiriamali", unashusha sauti na kusema, maskini. Sisi tulitaka kitambulisho cha kazi kinachoning'inia shingoni. Tulitaka kiti kinachozunguka. Msichana wa chumba cha pili alisema yeye hawezi kuuza kitu mahali popote ambapo mvulana waliyeachana anaweza kupita, na Mwanza hii, akasema, anapita kila mahali.

Kilichonichekesha ni kwamba alikuwa akiyasema hayo huku anampimia mwenzake mafuta ya nywele aliyoyachemsha mwenyewe. Wa chumba cha nne alikuwa na vitenge chini ya kitanda. Wa chumba cha tano alikuwa na mawigi yaliyopangwa dirishani mpaka ukipita usiku unashtuka. Kila kitanda kilikuwa duka, lakini ukimuuliza mwenye kitanda atakwambia, "Aa, nauza tu kidogo." Kuuza tulikuwa tunauza sana. Tulilolikataa ni jina.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya ziada, nayo ilivaa miwani na kusikiliza redio ndogo kila asubuhi. Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mhaya aliyehamia Mwanza zamani akajenga Buzuruga, mtu wa kanisani, mtu wa kunyoosha mambo. Kuandika alinifundisha mwenyewe kabla sijaanza shule, kwa chaki juu ya saruji ya sebuleni, amenishika mkono. Nilipoingia mwaka wa kwanza alininunulia viatu vya usaili, vyeusi, visigino vifupi, vyenye kibanio cha rangi ya fedha. "Usaili hautoi taarifa," alisema. Usharika mzima ulikuwa umeshaambiwa juu ya ofisi yangu itakavyokuwa, kasoro rangi ya pazia.

Mwaka huohuo binti wa jirani yetu alimaliza digrii, akakaa, akasubiri, kisha akafungua kibanda cha chipsi karibu na stendi. Baba aliuangalia ule moshi kupitia dirisha, akavua miwani, akasema, "Miaka yote ile ya ada, halafu karai." Mimi nililibeba lile neno hadi chuoni na sikuliweka chini.

Sasa fikiria hali yangu siku mhadhiri alipotangaza kwamba muhula huu hatuandiki tu. Tufanye biashara kweli, wawili wawili, kwa wiki sita, na wiki ya sita tutaweka meza za maonyesho uwanjani. Ni kwa maksi. Tukaguna darasa zima. Mwenzangu aliniuliza tuuze nini, na mdomo wangu ukajibu kabla yangu: "Senene."

Wazo halikuwa baya. Msimu ulikuwa umefika, shangazi yangu alikuwa Bukoba, na Mwanza imejaa Wahaya wenye hamu ya nyumbani. Mabasi yanavuka ziwa pale Busisi kila siku. Tatizo lilikuwa moja dogo, ambalo wakati ule hata hatukuliona kuwa tatizo: kati yetu wawili hakuna aliyewahi kula senene.

Mimi ni kwa sababu ya malezi. Kwa bibi yangu, wanawake walikusanya senene, wakanyonyoa miguu na mabawa, wakakaanga, wakapakua, na wanaume wakala. Ndivyo ilivyokuwa zamani kwa Wahaya. Siku hizi mabinti wa Kihaya wanawatafuna hadharani na mbingu haijaanguka, ila nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kusimama akatangaza kwamba mwiko umefutwa. Mama alikaanga, baba alikula, sisi watoto wa kike tulivuta harufu. Baba alikuwa na tabia ya kukohoa mara moja, kikohozi kikavu, kabla ya kuingia jikoni. Nilidhani ni moshi.

Mwenzangu yeye alikuwa Msukuma wa Sengerema, ng'ambo ya Busisi, binti wa mfugaji. "Panzi?" aliniuliza, mkono kifuani. "Nyumbani tuna ng'ombe mpaka hatujui majina yao, halafu mimi nile panzi?"

"Sijasema ule. Nimesema tuuze."

"Kuuza nitauza. Mimi hata mawe nitauza. Usinilazimishe tu kuwaangalia machoni."

Kiroba cha kwanza kilifika kwa basi, senene wameshanyonyolewa na kukaushwa nusu. Shangazi alisema tuwaanike tena kidogo kabla ya kuwakaanga, kwa hiyo tukapanda nao juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, tukawatandaza juu ya shuka safi. Jua lilikuwa zuri na upepo wa ziwani ulikuwa unapuliza kwa adabu. Tukajipongeza. Dakika kumi baadaye kunguru wa mtaa mzima walikuwa wamepata habari, na nyuma yao akatua korongo mmoja, mrefu kama mkaguzi wa shule, kipara, kifuko kinaning'inia shingoni, akaanza kutembea taratibu kuelekea shuka yetu.

Mwenzangu, binti wa mfugaji, aliyekulia kuswaga madume yenye pembe, alipiga yowe akajificha nyuma yangu. Mimi nilivua kanga niliyojifunga juu ya gauni nikaanza kuizungusha hewani. Tulikimbizana na ndege wale juu ya jiwe zima, tukiruka, tukitukana kwa lugha zetu za nyumbani, mpaka wasichana wa vyumba vingine wakatoka na ufagio na sufuria kutusaidia. Korongo aliondoka wa mwisho, bila haraka, mdomoni ana senene wetu wasiopungua kumi. Tulikaa chini tukacheka mpaka machozi yakatutoka. "Huyo," mwenzangu alisema akihema, "ndiye mteja wetu wa kwanza. Na hajalalamika."

Alikuwa wa mwisho kutolalamika kwa muda.

Nilikaanga jioni ileile kwenye jiko la mkaa uani, kama nilivyomwona mama akikaanga mamia ya mara. Mikono ilijua kila kitu: moto mdogo, mafuta yao wenyewe yanatosha, kitunguu kikatwe chembamba, koroga bila kuacha. Nikatia chumvi. Simu yangu ikalia, nikamwachia mwenzangu mwiko. Yeye aliangalia lile karai na hakuona alama yoyote ya chumvi, na kwa kuwa hakuwa tayari kuonja hata kwa bunduki, akaona bora atie ya kwake kwa usalama. Mimi nikarudi, nikaona wamependeza, wekundu, wanang'aa, tukawafunga kwenye vifuko tulivyonunua sokoni Mkuyuni. Nikaandika kwa kalamu nene juu ya kila kimoja: Senene wa Bukoba, watamu, safi. Chini nikaweka namba ya simu ya mwenzangu, maana yangu baba anaijua.

Nilimwambia mwenzangu auze mjini, auze Mkuyuni, auze chuoni, popote isipokuwa Buzuruga. Akaenda Buzuruga moja kwa moja, akaacha pakiti sita kwenye duka la vinywaji. Nilipomfokea, alinijibu bila aibu hata chembe, "Ndiko wanakokaa Wahaya. Mteja anafuatwa alipo. Tumefundishwa darasani, wewe ulikuwa unasinzia."

Siku ya pili, saa moja jioni, simu yake ikaita. Akabonyeza spika kwa sababu mikono ilikuwa na vitunguu.

"Halo. Naongea na mama wa senene?"

Niliijua ile sauti kabla haijamaliza neno la kwanza. Nilijishikiza ukutani. Nilimfanyia mwenzangu ishara zote zilizopo duniani: baba, baba yangu, usinitaje, kata, usikate.

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mama, nimenunua pakiti yako hapa Buzuruga. Nina swali moja tu. Hawa senene mliwakamata angani, au mliwachimba kwenye mgodi wa chumvi?"

"Samahani, mzee?"

"Nimekunywa maji lita mbili. Kwani wewe ulipoonja uliona sawa?"

Mwenzangu aliniangalia. Mimi nilitikisa kichwa, sijui hata nilikuwa namaanisha nini. "Mzee, mimi... huwa sionji."

"Huonji?"

"Huwa naangalia tu kwa macho."

"Kwa macho," baba alirudia polepole, kama mtu aliyekuta mwanafunzi ameandika jibu la historia kwenye mtihani wa hesabu. Akashusha pumzi. "Haya. Mama, chumvi haionekani kwa macho. Ipunguze." Akakata.

Tulifanya uchunguzi usiozidi dakika tano. Mimi nilitia. Mwenzangu alitia. Nikampigia shangazi, naye akasema kwa fahari, "Mimi niliwatia kabisa, mwanangu, wasiharibike njiani." Mikono mitatu, kila mmoja na ukarimu wake, na hakuna ulimi hata mmoja. Mwenzangu alilala chali kwenye saruji akicheka. Mimi nilikuwa nacheka na kuogopa kwa wakati mmoja, kwa sababu baba yangu mzazi alikuwa amelalamikia karai, na karai lilikuwa langu.

Kuanzia pale tukaikimbia chumvi kama ugonjwa. Shangazi akaambiwa asitie, na mimi nikawa nanyunyiza chembechembe chache tu kwa vidole viwili. Kwa wenzetu chuoni tulifungia pembeni pilipili ya kusaga niliyoichanganya mwenyewe, kali kweli, na mtu aliyekwisha kuonja pilipili ile hana tena nafasi ya kuuliza habari za chumvi. Waliipenda. Walirudi. Wiki ya pili tulikaanga mara mbili, wiki ya tatu mara nne, msichana wa mawigi akawa anatunyonyolea vijiguu vilivyosalia, msichana wa mafuta ya nywele akatuchorea pambo la pakiti. Nilikuwa naamka asubuhi kabla ya kengele ya simu, kichwani tayari napanga: wapi hatujapeleka, kitunguu kikatwe vipi, kwa nini pakiti ya Mkuyuni inanunuliwa na wanaume tu. Mhadhiri akifundisha mimi nilikuwa naandika pembeni ya daftari mambo ya senene.

Na hapo ndipo hofu yangu halisi ilipoanza, niseme wazi. Kumweleza baba kazi ya darasani ya wiki sita kusingekuwa shida, ningemwambia ni ya maksi na yakaisha. Shida ni kwamba nilikuwa nimeipenda. Nilijua wiki ya saba nitataka kuendelea, na nilijua siku nitakayomwambia hivyo, atavua miwani.

Baba naye hakuacha. Kila wiki alinunua pakiti moja, isiyo na pilipili kwa sababu ya tumbo lake, na kila wiki akapiga simu kwa mama wa senene. "Safi sana sasa," alisema. "Mmepatia. Msibadilishe." Wiki iliyofuata: "Vizuri, vizuri. Unasoma wewe? Usiache masomo." Mwenzangu akawa anamjibu kwa sauti nzito ya utu uzima, na mimi nimekaa pembeni nimeziba mdomo kwa mto. Wiki ya nne alipandwa na mazungumzo.

"Mama, nina binti yangu hapohapo chuoni kwenu. Mwaka wa tatu."

"Ehee, mzee. Hongera."

"Ana akili, sikatai. Lakini ni akili ya madaftari. Laiti angekuwa na nusu ya uchangamfu wako. Huyo wangu hata ukimpa duka la maji jangwani, atajifungia ndani asome."

Mwenzangu aliuma kanga yake. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Mvumilie, mzee," alisema akijikaza. "Pengine ipo siku atachangamka."

"Sijui. Kupika kwenyewe anapika kwa macho."

Simu ilipokatika mwenzangu alicheka mpaka akaanza kwikwi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekasirika kwelikweli. Nilijionea wivu mimi mwenyewe! Huyo mama wa senene aliyekuwa anasifiwa na baba yangu ni nani kama si mimi? Nani alikimbizana na korongo? Nilishika simu yangu mara tatu nimwambie. Mara tatu nikaliona lile dirisha la Buzuruga na ule moshi wa chipsi, nikaiweka chini. Kwa hasira zangu sikujiuliza alichomaanisha kwa yale maneno ya mwisho.

Wiki ya sita akapiga tena. "Nasikia Jumamosi kuna maonyesho chuoni kwenu. Nitakuja nikushike mkono, mama."

Jumamosi kulikucha angavu, uwanja umejaa meza, vitambaa, vipaza sauti vinavyokwaruza. Mhadhiri alikuwa ametuamuru tuvae kama watu wa kazi, nami sikuwa na viatu vingine vya heshima isipokuwa vile vyeusi vyenye kibanio cha fedha. Alikuwa amesema pia kwamba mwanafunzi asiyekuwepo mezani kwake anapoteza maksi. Kukimbia kwa hiyo hakukuwezekana. Tuliamua mwenzangu awe mama wa senene kwa saa hiyo moja, na mimi nitakuwepo mezani, ila nitakuwepo chini yake. Tulikuwa tumetandika kitenge kikubwa kilichoshuka karibu na nyasi. Ilipofika saa nne mwenzangu alisema bila kufumbua midomo, "Mzee mwenye miwani, kofia ya kijivu," nami nikapiga magoti nikazama.

Asubuhi ile mhadhiri alikuwa amegawa tena dodoso lilelile, apime kama mitazamo imebadilika. Langu lilikuwa mkononi, na ili nitulize moyo, nikaanza kulijaza kule chini, karatasi juu ya goti. Nilifika swali la kumi na nne. Ninaona fahari kujulikana kama mjasiriamali. Niliviangalia vile viduara vitano, nimekunjamana chini ya meza, kipande cha kitunguu kimenidondokea kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu lizaliwe swali lile likawa limeulizwa kwa mtu sahihi.

"Wewe ndiye mama wa senene?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Naam, sauti ni yenyewe." Nilisikia akishika pakiti, plastiki ikalia. "Na anayeandika haya maandishi ni nani?"

"Ni mwenzangu. Ametoka kidogo."

"Ametoka peku?"

"Mzee?"

"Nauliza kwa sababu viatu vyake vimebaki. Vile pale. Vile nilivinunua mimi, Mkuyuni."

Niliangalia miguu yangu. Ncha zote mbili zilikuwa nje ya kitenge, nyeusi, zimeng'arishwa vizuri, zinamtazama.

Nilitoka kinyumenyume. Nilisimama, nikajipangusa magoti, dodoso mkononi, na meza zote za jirani zimenigeukia. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Aliinua mkono akanitoa kipande cha kitunguu kwenye nywele.

"Umejua saa hizi?"

"Siku ya kwanza." Akaielekezea pakiti kidole, pale nilipoandika neno senene. "Tazama hiyo s. Ina mkia. Mwanza nzima hakuna mwingine anayeipa s mkia. Kosa ni langu, nilikushika mkono vibaya ukiwa mdogo."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Nikaona huna haraka, nikaanza kukuchokoza. Nikasema akisikia ninamsifu mwingine atakasirika, atanipigia. Wewe hukupiga. Una roho ngumu kama ya mama yako."

Ikabidi niseme lile lililokuwa limenikaa kifuani miaka mitatu. "Ulisema, miaka yote ile ya ada, halafu karai."

Mwenzangu aliinamisha kichwa akajifanya anapanga pakiti. Baba alivua miwani. Nilijua ataivua.

"Nilisema," alisema. "Nilikuwa nimeshaitangaza ofisi yako kanisani. Nilipomwona yule binti wa watu kwenye moshi, niliogopa, nikasema ovyo. Kisha siku moja napita pale, najikuta nanunua chipsi zake. Nzuri, mwanangu. Nilimwomba radhi kimoyomoyo." Alifuta vioo kwa ncha ya shati, akaivaa tena miwani. "Barua za kazi utaandika, sijasema usiandike. Viatu havijaisha. Lakini hii nayo usiiache."

Akafungua pakiti. Akatoa senene mmoja akanipa.

"Sijawahi kula," nikasema. "Unajua sijawahi. Kwetu wanawake..."

"Mama yako anaonja tangu mwaka tuliooana. Wewe unafikiri mimi ninakohoa mlangoni kwa ajili ya nini? Nampa nafasi ameze."

Miaka yote ile. Kikohozi kikavu kimoja, sekunde mbili, kisha baba anaingia, na mama yuko penye jiko amefunga mdomo, uso wa upole. Nilimwangalia baba yangu kama mtu niliyetambulishwa kwake asubuhi ileile. Mimi nilikuwa nimesimama na yule senene kiganjani, mbele ya darasa zima, mwenzangu amekodoa macho, nikashindwa kuunyanyua mkono. Miaka ishirini na miwili ya mazoea ni mizito.

Baba akanigeuzia mgongo. Akatazama ng'ambo ya uwanja, kule ziwa lilikoonekana kati ya mawe. Akakohoa.

Nikamtia mdomoni. Alikatika kwa mlio mdogo, mafuta yakatoka, kitunguu kikafuata, ladha tamu, ya moshi, ya jikoni kwa bibi. Nilitafuna mpaka mwisho. Kisha nikasita, nikatafuta kwa ulimi kila pembe ya mdomo.

"Baba. Hawana chumvi."

"Hawana," alisema bila kugeuka. "Nimewala wiki tano."

Mwenzangu alilipuka kicheko akaegemea meza, na mimi nikawa nalia na kucheka, sijui kipi kilianza. Niliiweka karatasi yangu juu ya pakiti, nikazungushia kiduara cha kwanza cha swali la kumi na nne. Vidole vilikuwa na mafuta, na doa likabaki pale pale kwenye jibu. Baba alikuwa ameshamshika mwenzangu mkono, kama alivyoahidi, akimuuliza duka la karibu linalouza chumvi liko wapi.